Gololi Ndani ya Mtungi wa Abti

Niliisikia kabla sijaona chochote. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni, sanduku langu la bati bado liko kichwani, na kabla sijagusa lango la kwetu Galbet nikasikia kitu kizito kikiviringika upande wa pili wa ukuta. Mngurumo wa polepole, usiokoma, kama mawe ya laga, ule mto wa msimu, yanapoburutwa na maji ya mvua iliyonyesha mbali, mahali usipopaona. Ilikuwa ile saa baada ya adhuhuri ambapo Garissa nzima hujilaza, hata mbuzi, hata redio. Hakuna kitu kinachopaswa kutembea saa ile. Na hiki kilikuwa kinatembea bila kufika popote.

Mama alinifungulia. Aliona masikio yangu yalivyosimama, akanipokea sanduku, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni abti, na kwamba nisiulize maswali mbele ya baba.

Abti ni mjomba. Huyu alikuwa mtoto wa mama mdogo wa mama yangu, aliyezaliwa Hadado, humu humu Kenya, kati ya ngamia na visima, akaondoka akiwa kijana kwenda kusoma Mogadishu, akasoma hadi akawa mwalimu wa kemia chuoni. Vita vilipolipuka huko, alirudi upande huu wa mpaka kwa miguu pamoja na maelfu wengine, akaandikishwa katika kambi ya Hagadera. Hivyo mtu aliyezaliwa Hadado akawa mkimbizi katika nchi yake mwenyewe, kwa sababu karatasi aliyokuwa nayo mfukoni ndiyo iliyosema hivyo, na katika miaka ile karatasi ilikuwa na kauli zaidi kuliko kumbukumbu za bibi yeyote. Baba yangu, ambaye hakuwahi kutoka mkoani mwetu ila kwa kazi, alilazimika kubeba kadi mbili kila alipovuka daraja la Tana: kitambulisho cha kila Mkenya, na ile kadi ya waridi tuliyopewa sisi peke yetu baada ya kupangwa foleni na kuulizwa babu zetu walikuwa nani. Tulikuwa watu wa kushukiwa kwa mpango maalumu wa serikali. Labda ndiyo maana tulikuwa hodari sana wa kushuku wenzetu.

Baba alimkaribisha abti kwa sharti moja, na jioni niliyofika alilirudia mbele yetu sote juu ya sinia la wali, ili pasiwe na mtu wa kusema hakulisikia. Chumba cha uani ni chako, alisema. Lakini siku nitakaposikia mtaani neno moja la shaka juu ya chumba hicho, utarudi Hagadera. Abti alikubali, akaendelea kula kwa adabu.

Baba alikuwa na sababu. Alifanya kazi katika kituo cha hali ya hewa. Kazi yake ilikuwa kujaza gesi ya haidrojeni kwenye puto, kuliachia, na kulifuata kwa darubini yake hadi linapopotea, ili wajue upepo wa juu unaelekea wapi. Gesi ile ililetwa kutoka Nairobi katika silinda za chuma ndefu kama mtu mzima, juu ya lori, ndani ya msafara wenye askari mbele na nyuma, kwa sababu barabara ilikuwa na majambazi. Msafara ukichelewa, puto lilikaa chini na baba alikaa bure akiangalia mawingu kwa macho matupu. Na katika siku zile mkubwa wake alikuwa amekwisha kumuuliza mara kadhaa kwa nini silinda zinakwisha upesi. Mtu anayeulizwa swali la namna hiyo hapendi kuwa na mgeni asiye na kibali, mwenye elimu ya kemia, chumbani kwake.

Lakini ni baba huyohuyo aliyempa abti wazo lake. Jioni moja, kabla sijarudi, alikuwa amelalamika juu ya uzito wa silinda, kwamba lori zima hubeba chuma ili kubeba pumzi. Abti akasema zipo metali zinazokunywa haidrojeni kama mchanga unavyokunywa maji, na kuitema zikipashwa moto. Kopo dogo lingeweza kufanya kazi ya silinda. Na tangu hapo mngurumo ukaanza.

Akifaulu, baba angemwonyesha mkubwa wake atakapokuja na msafara kutoka Nairobi, na mkubwa angeweza kumwombea abti kibali cha kazi. Hilo ndilo tumaini alilokuwa nalo. Asipofaulu, au pakitokea neno mtaani, ni Hagadera tena, kwenye vibanda vya matawi na maturubai, mikokoteni ya punda ikipiga vumbi mlangoni. Sote tulilijua hilo. Tulitembea uani kama watu wanaopita karibu na mtoto aliyelala.

Mtungi wenyewe nilipouona ulinivunja moyo. Nilitarajia mashine ya kutisha. Ulikuwa kipande cha bomba nene la chuma, kimefungwa chini kwa kuchomelewa na juu kwa kifuniko cha kukaza kwa bolti, kikilala juu ya fito mbili za chuma zilizozungushwa na mota ya kinu cha mahindi kilichokufa. Ndani mlikuwa na gololi za beringi za malori. Katikati ya gololi mlikuwa na unga.

Unga ule aliutoa kwenye kasha la gia la gari dogo la zamani, lile lenye injini nyuma, lililokuwa likioza karibu na yadi ya mafundi. Makasha ya gia ya magari yale yalitengenezwa kwa magnesiamu, na abti aliketi siku nzima akilikwangua lile kwa tupa. Chuo alichofundisha kiliungua. Akaamua kujenga kingine kutokana na takataka.

Mtaani waliamua mambo yao. Mama aliyeuza maziwa ya ngamia mbele ya lango letu alikuwa wa kwanza kuniuliza, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kwa kuwa upande wa pili ulikuwa na mswaki.

"Binti, mwambie abti yako akimaliza kusaga risasi atusagie na hawa mbu."

Nilimwambia si risasi.

"Basi ni mifupa," akasema. "Mtu hasagi kitu mchana kutwa halafu asitupikie."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka, nami nikacheka, lakini niliporudi ndani nilihisi kicheko kile kimenifuata kama inzi. Wengine walisema anaghushi dhahabu. Wengine walisema ni mtu wa upande fulani wa vita, anawatengenezea wenzake kitu. Niseme kweli: na mimi sikuwa na hakika. Nilikuwa kidato cha tatu, nilijua haidrojeni ndiyo gesi inayolia *pop* ukiileta karibu na kijiti cha moto, na mwalimu wetu alituonya kwamba ikiwa nyingi hailii, inaua. Nilipokaa na abti chumbani mwake nilikuwa mwanafunzi wake na mpelelezi wake kwa wakati mmoja.

Yeye naye alitushuku. Nilikuja kugundua uzi mwembamba mweusi aliofunga chini ya mlango wake, usawa wa kifundo cha mguu, kila alipotoka. Siku moja aliukuta umekatika. Hakugomba. Alituuliza mmoja mmoja, kwa upole ule wa mwalimu anayesubiri mtoto ajitaje mwenyewe. Ayeeyo, bibi yangu mzaa baba, alisema magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi ya chumba kile. Mama alikasirika kuulizwa. Baba alisema ni mbuzi. Ilikuwa katikati ya asubuhi, na mbuzi wetu wote walikuwa malishoni ng'ambo ya uwanja. Hakuna aliyemkumbusha hilo. Abti alifunga uzi mwingine.

Alinifundisha hata hivyo, labda kwa sababu mtu aliyezoea darasa hawezi kukaa kimya mbele ya mtu mwenye maswali. Alichukua kipande cha magnesiamu, akakikwangua kwa kisu: juu kijivu, chini fedha inayong'aa, na hata tukitazama ile fedha ikaanza kufifia.

"Umeona? Ina ngozi," alisema. "Hewa huivalisha ngozi mara moja. Gesi ikija inabisha hodi kwenye ngozi, hakuna anayefungua. Ndiyo maana watu waliiacha. Inakunywa sana, lakini ni mvivu wa kuanza."

Kazi ya gololi ilikuwa kuvunja ngozi hiyo. Kila zilipoanguka zilipiga punje, zikaipasua, zikaonyesha uso mpya ambao haujawahi kuona hewa, kwa kuwa ndani ya mtungi aliondoa hewa akaweka haidrojeni yenyewe, aliyoipata kwa kutia vipande vya sufuria za alumini katika magadi makali. Punje zikawa ndogo, ndani yake zimejaa nyufa, na gesi ikapata njia fupi. Lakini gololi peke yake zilikuwa na hila. Metali laini ikipigwa sana haipasuki tu, hujibandika. Ilishika gololi, ikashika kuta, ikaganda kama mkate wa canjeero kwenye kikaango kisichopakwa mafuta. Hapo ndipo tulipotumwa watoto wote wa mtaa kumletea betri za tochi zilizokufa, akatoa ile nondo nyeusi ya katikati, akaitwanga, akatia kidogo. Weusi ule ulifanya unga uteleze. Haukumaliza tatizo. Kila alipofungua mtungi alikuta ukoko mwembamba ukutani ambao hautoki hata kwa kukwangua, na aliusemesha kama mtu anayesemesha punda.

Kiungo cha pili kilikuwa siri yake. Alikitoa siku moja alasiri, tukiwa watu watatu tu chumbani: yeye, mimi, na baba aliyekuja kuona mwenyewe kile kilichokuwa kikimlia umeme wake. Kilikuwa katika kichupa cha dawa ya macho, kioo cha buluu, kimefungwa ndani ya soksi. Unga wa kijivu, kidogo kiasi cha kufunika ukucha. Nikeli. Aliupata kwa kukwangua kwa tupa mabaki ya vijiti ambavyo fundi wa kuchomelea hutumia kuunga vyuma vya injini vilivyopasuka. Alituomba tusimwambie mtu, kwa kuwa fundi aliogopa kuulizwa anampa nini mkimbizi. Tuliahidi, baba akaapa kabisa.

Alikuwa na mirija miwili ya chuma. Mmoja aliutia unga uliosagwa pamoja na nyeusi ya betri peke yake. Wa pili aliutia unga uliosagwa vivyo hivyo, lakini na nikeli kidogo ndani. Yote miwili aliizika kwenye karai la mchanga juu ya jiko la makaa, mipira ya kupitisha gesi ikatoka kwenye mirija ikaingia katika chupa zilizopinduliwa ndani ya beseni la maji. Tukasubiri moto upande. Joto la chumba lilikuwa la kumwaga jasho tangu asubuhi, sasa likawa la kuzimu. Baba, mtu wa vipimo, aliangalia saa yake bila kupepesa.

Kisha chupa ya pili ikaanza kutoa mapovu. Moja, halafu mengine, halafu mfululizo wa haraka unaong'aa kama tasbihi inayovutwa. Chupa ya kwanza ilikuwa imekaa kimya. Ilianza baadaye, kwa uvivu, povu hapa, povu pale.

Nilimuuliza nikeli imefanya nini. Abti alifikiri, akatazama upande wa mto, akacheka kidogo.

"Unalijua basi linapofika kizuizini darajani? Haliruhusiwi kupita zima. Mnashushwa, mnatenganishwa, mnapita mmoja mmoja. Haidrojeni hutembea mbili mbili, zimeshikana mikono. Metali haiwezi kuzipokea hivyo. Nikeli ndiyo askari wa kizuizi. Inazitenganisha, kila moja inaingia peke yake. Na wakati wa kutoka vilevile."

"Na askari mwenyewe?" baba akauliza.

"Anabaki pale pale, seeddi. Haliwi wala hachoki. Ila ukiweka askari wengi mno, wamejaza barabara na hawabebi mzigo."

Seeddi ni shemeji kwa lugha yetu, na abti aliitamka kila mara kwa upole wa mtu anayejua yuko nyumbani mwa nani. Alieleza pia, bila kuulizwa, kwamba kiungo hakipunguzi moto unaotakiwa ili gesi itoke. Kinapunguza kusubiri tu. Alitaka sana tusidhani ametenda muujiza.

Nilimwona baba uso wake unavyobadilika. Kwa muda mfupi alikuwa kijana aliyeona puto lake la kwanza likipanda. Halafu kitu kikapita nyuma ya macho yake, akauliza, kwa sauti ya kawaida mno, "Na mtu akitaka uwake wote kwa mara moja?"

Abti alisukuma makaa kando ya karai. Alisema kila kitu kinachobeba nguvu kinaweza kuwaka, hata mafuta ya taa yaliyo jikoni. Akasema ukiwaka usimwagiwe maji kamwe, maji huulisha, bali mchanga, tena mkavu. Yalikuwa majibu ya kweli. Lakini hayakuwa jibu baba alilolitaka, nami nilisikia pengo kati ya swali na jibu likifunguka kama ufa katika udongo wa kiangazi.

Wa mwisho kumwamini alikuwa ayeeyo, naye ndiye aliyemwamini kuliko wote. Mwanzoni hakunywa hata chai aliyoimimina abti. Alisema mikono yake inanuka bunduki. Lakini mama yake abti alikuwa msukaji wa dhiil mashuhuri huko Hadado, vile vyombo vya maziwa vya mizizi iliyofumwa hadi havivuji tone, na siku abti alipozitaja sehemu zake zote kwa majina, kifuniko, mkanda, kikombe cha juu, ayeeyo alilainika. Tangu hapo waliketi pamoja kila asubuhi. Abti akamweleza shida zake: jinsi hewa inavyouharibu unga, jinsi ukoko unavyoganda ukutani na kuusaliti unga mpya unaowekwa juu yake.

Ayeeyo alilisikiliza jambo hilo kama mganga. Kisha akatoa hukumu yake. Chombo hakijafukizwa. Nani anaweka maziwa katika chombo kisichofukizwa? Unakata kijiti cha mti wenye harufu, unakichoma hadi kiwe kijinga chekundu, unakitia ndani, unafunika, unatikisa hadi kuta zimeguswa zote. Moshi unaua kinachooza. Maziwa yanakaa. Bibi wa kila nyumba anajua.

Abti alicheka. Si kwa dharau. Alicheka kama kijana wa Hadado achekavyo mbele ya bibi, akainamisha kichwa, akasema, "Labda, ayeeyo. Labda ndiyo dawa yake." Hatumkatalii mzee usoni. Hiyo ni adabu ya kwetu, na siku ile nilidhani ni jambo zuri.

Msafara wa Nairobi ulitangazwa. Mkubwa wa baba angefika kesho yake. Abti alikuwa amemimina unga wake bora katika kopo dogo lenye kizibo cha kukaza, tayari kwa kuonyeshwa, na mtungi ulikuwa umekaa mtupu mlangoni mwake, kifuniko kimelegezwa. Mtupu kwa macho. Asubuhi hiyo, kabla jua halijakaza, mjumbe wa chifu alisimama langoni na kumwita kwa Kiswahili chake cha ofisini.

"Wewe mgeni wa hapa, chifu nataka wewe. Saa hii. Si bolebole."

Abti alivaa shati lake la kola, akamtazama mama, akatoka. Hakufunga uzi. Kwa mara ya kwanza tangu nije, hakufunga uzi.

Ayeeyo alikuwa ameketi karibu na jiko. Akavuta tasbihi yake. Nilidhani anamwombea, na kwa namna yake alikuwa akimwombea. Nilikwenda kuteka maji kwenye pipa. Yeye akaenda, polepole, kwa magoti yale aliyosema hayapandi ngazi, akauchukua mtungi, akauweka katikati ya mapaja yake kama dhiil, akachomoa kijinga motoni. Alitaka abti arudi kutoka kwa chifu akute chombo chake kimetengenezeka. Alitaka awe na jambo moja jema siku hiyo.

Sikusikia mlio. Niliona kivuli changu mwenyewe kikiandikwa ukutani, cheusi, mchana kweupe, na jua liko upande mwingine.

Nilipogeuka, mdomo wa mtungi ulikuwa unatoa mwanga mweupe usioweza kutazamika, na ayeeyo ameanguka nyuma, mkono wake mmoja ameuinua hewani kama anayeuomba moto ushuke. Mama alitoka jikoni na birika la udhu akamwaga maji. Moto ukaruka juu hadi usawa wa paa, ukalia *pop, pop*, ule mlio wa darasani, mkubwa mara nyingi. Ndipo maneno ya abti yakanirudia. Nilipiga magoti nikachota mchanga kwa mikono yote miwili, nikarusha, nikachota, nikarusha, na mama akaelewa, akaanza kuchota kwa sinia, hadi mtungi ukawa kichuguu kinachotoa moshi mweupe. Garissa haijawahi kukosa mchanga.

Nyusi za ayeeyo zilikuwa zimeungua na kiganja chake kimevimba. Alikuwa hai na mwenye hasira. Juu ya ukuta vichwa vilikuwa vimejipanga tayari, cha muuza maziwa kikiwa cha kwanza. Hakusema utani wowote. Aliliita jina la Mungu, akashuka, na nikamsikia akikimbia.

Baba alifika kabla ya abti. Sikuwahi kujiuliza hadi baadaye kwa nini alitoka kazini mapema hivyo, siku moja kabla ya mkubwa wake kufika, siku ambayo kila chombo cha kituo kilipaswa kung'arishwa. Alimfunga mama yake mkono, akakitazama kichuguu, akaenda kusimama karibu na lango.

Abti aliporudi alipita kando yake na kupiga magoti mbele ya ayeeyo. Aliutazama mkono, akauliza kama anaona vizuri, akauliza tena.

"Chombo chako kina jini," ayeeyo akamwambia.

"Hapana, ayeeyo. Ni ule ukoko. Ulikuwa umeshiba gesi." Akaushika ule mkono usioungua. "Ulinipa shauri, nikakuchekea badala ya kukujibu. Kosa ni langu."

Ayeeyo alianza kulia, si kwa maumivu. Alimwambia mwanawe kwamba mtu huyu hajafanya kitu, ni yeye aliyeshika kijinga, ni yeye wa kufukuzwa. Baba hakugeuka. Alisema sharti lilikuwa neno moja mtaani, na sasa mtaa mzima una neno.

Abti aliomba kitu kimoja tu. Kesho. Unga bora uko salama ndani ya kopo. Mkubwa aje, aone mapovu, halafu yeye mwenyewe atapanda gari la Hagadera bila kusukumwa. Mama alimwombea. Mimi nilimwombea, jambo ambalo binti wa umri wangu hakupaswa kulifanya. Baba alisema chifu amekwisha kuamua, lazima awe kwenye lori la Hagadera kabla ya alasiri. Alilisema kabla abti hajatueleza chifu amesema nini.

Vitu vyake viliingia katika mfuko mmoja. Kopo la unga alinipa mimi, akaniambia nilizike mbali na nyumba, nisilifungue. Soksi aliiweka mfukoni. Alimbusu ayeeyo kichwani, akamshika mama mkono, akafika langoni, ambako baba alikuwa bado amesimama na mkono kwenye komeo.

"Seeddi," alisema, taratibu kama kawaida yake, "chifu hakuniuliza juu ya moto. Moto ulikuwa haujatokea. Aliniuliza juu ya kichupa cha buluu, cha dawa ya macho, kilicho ndani ya soksi."

Baba alimtazama kifuani, si usoni.

"Niliwaonyesha watu wawili," abti akasema.

Nilijua mmoja wao ni mimi, na nilijua sikusema. Nilisubiri baba aseme kitu, hata uongo, hata habari ya mbuzi. Nilitaka sana uongo mzuri. Alisema, "Mungu akufikishe salama."

Abti akatoka. Baba akaurudisha mlango wa lango nyuma yake, polepole, akasukuma komeo hadi mwisho.